Muundo Hautambuliki

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inapiga bati la ghala, nami napandisha ankara
kwenye kikaguzi, mara ya nne tangu alfajiri.

Hakiulizi maparachichi yamekomaa vipi,
wala nani aliteleza na mzigo kwenye tope la Kiwira.
Kinauliza umbo la faili tu.
Kisha wekundu: muundo hautambuliki.

Mama Subilaga amekaa juu ya kreti tupu,
daftari kalipakata ndani ya mfuko wa nailoni:
mstari mmoja, ndoo moja; msalaba, ndoo kumi.
"Wamekubali?"
"Bado, mama. Wanataka iandikwe kwa namna yao."
"Kwani hesabu si ileile?"

Ni ileile.
Nashuka na orodha ya miundo inayopokelewa,
kidole kwenye kioo, kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye matokeo ya mtihani.
Wetu upo chini kabisa: toleo la juzi,
leo limefutwa.
Nageuza faili. Nangoja. Umeme unapepesa.

Kijani.

Anasimama polepole, goti likilia.
"Basi na mimi nitafutie chombo hicho," anasema,
"kinionyeshe mwanangu wa Tunduma
anapokea maneno ya namna gani."