Zamu ya Usiku, Kurasini

Nyuzi tano. Naandika tano.
Kontena la pili kutoka ukutani
lina maparachichi ya Rungwe,
pengine na ya Atupele, dada yangu,
aliyeyachuma kwa mkasi, kikonyo kibaki,
kama alivyoelekezwa na bwana shamba.

La jirani limebeba pweza,
kumi na nane chini ya sifuri.
Hao hawana neno. Wafu hawaulizi saa.
Ila parachichi linapumua;
ukilichelewesha linaiva gizani,
na lililoivia njiani halina mnunuzi.

Meli imesogezwa hadi Alhamisi.

Mashine inayapa baridi yao,
mimi inanipulizia joto mgongoni.
Shati limenata; fukuto la Dar halijui usiku.
Nimeweka kiganja mlangoni
nikitafuta ile baridi ya Tukuyu,
ya asubuhi, ya kuficha mikono kwapani.
Bati kavu. Halitoi kitu.

Saa tisa umeme unakatika.
Nahesabu: moja, mbili, kumi na moja…
jenereta inakohoa, inashika.

Alfajiri, simu: “Kaka, yameondoka?”
“Yamelala,” namjibu.

Nyuzi tano na nusu.
Naandika na nusu.