Chumvi ya Kuazima

Simu hulia tarehe nne, alfajiri,
mlio mmoja, kama mtu aliyekohoa nje ya dirisha.
Mwezi wa kwanza niliogopa kuishika.
Nikamwamsha Adagala, yuko gredi ya sita:
nisomee polepole, anza na jina, nijue kama ni langu.
Lilikuwa langu. Kageha, herufi zote.
Hakuna aliyeniuliza nimelima nini.

Zamani nilihesabu siku kwa gorogoro.
Gorogoro la leo; la kesho, tutaona.
Sasa kuna gunia nyuma ya mlango,
na panya, maana habari njema huwafikia nao.
Imali ameacha kusema ameshiba huko shuleni.
Mwaka mzima alisema hivyo,
nami mwaka mzima nilijifanya naamini,
nikamgawia mdogo wake sahani ya dada.
Deni hilo halilipwi kwa simu.

Baba yao siku hizi hurudi na jua.
Juzi aliketi kizingitini, akashona kiatu cha kitindamimba
kwa uzi wa gunia, akipiga mluzi.
Hatujagombana tangu mahindi yapandwe.
Kumbe nusu ya matusi yetu ilikuwa njaa tu.

Lakini kile kijito chini ya migomba,
ambacho hata mbuzi hukiruka,
ndicho walichofanya mpaka. Ng'ambo hawakuandikwa.
Na ng'ambo ndiko kwa Minayo,
aliyemkata Imali kitovu usiku wa mvua,
akachemsha wembe kwenye sufuria yake ya chai.
Watoto wake hupita na mitungi, macho chini,
wasitazame moshi wangu.
Tangu simu ianze kulia haji tena kuomba chumvi.
Nilipeleka maharagwe; bakuli likarudi
limefunikwa vilevile, bado la moto.

Basi jana jioni nilivuka na kijiko mkononi,
pakiti nzima ya chumvi nimeiacha rafuni.
Hodi, Minayo. Nimeishiwa. Niazime.
Akanitazama kitambo. Alijua, yule mwanamke.
Akagonga kopo lake chini, mara mbili,
akakwangua hadi bati likalia,
akanijazia kijiko, akakisawazisha kwa kidole.

"Usisahau kurudisha," akasema.
Nikarudi taratibu, mkono nimeunyoosha mbele,
nikichunga isimwagike hata chembe.