Dipstiki Iliporuka

Iliruka tukitoka Bahi, kwenye ule mnyooko
unaomdanganya mtu kwamba barabara ni yake.
Turbo imejaza kifua, mshale wa presha umelala kulia,
halafu harufu: mafuta mabichi juu ya chuma cha moto.
Nikaegesha. Nikafungua boneti.
Dipstiki imesimama nje ya tundu lake
kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Gereji ya Kizota, Nyemo hakucheka.
Alifuta mikono, akaangalia sili inayovuja, akasema:
Gari lako haliumwi, Ndahani. Limebanwa pumzi.
Ringi, hata ziwe mpya, hata uzinunue kwa mkopo wa SACCOS,
hazizibi kila kitu. Moto ukilipuka juu ya pistoni
kiasi fulani hupenya, hushuka tumboni
huko kreki inakozunguka ndani ya giza la mafuta.
Umeongeza presha. Umeongeza moto.
Mlango wa kutokea, je?

Mlango niliuziba mwenyewe.
Boliti na klipu, Jumapili mchana,
nilipoona mafuta yamelala ndani ya intakula
nikadhani nimemkamata mwizi.

Tukakaa juu ya matairi, tukachagua.

Kuacha wazi, kama vijana wa Area C:
kichujio chenye kofia nyekundu juu ya tapeti kava,
mvuke uende unakojua.
Nyemo akanyoosha kidole nje. Agosti.
Vumbi la Dodoma, lile linaloingia hata ndani ya yai.
Injini haitoi pumzi tu, alisema, huvuta pia.
Na ukisimama kwenye taa, mkeo atashuka gari ananuka kama fundi.

Kurudisha ya kiwandani: valvu moja, mpira mmoja
hadi kwenye manifoldi. Ukitembea taratibu, inanyonya vizuri.
Ukikanyaga, turbo inasukuma, na valvu iliyochoka
inaruhusu upepo urudi tumboni ulikotoka.

Pampu ya kunyonya, basi, ya magari ya mashindano?
Mkanda mwingine, puli nyingine, bei ya mbuzi kumi na wawili.
Unaenda mashindanoni?
Naenda kazini.
Na Jumamosi?
Nikaangalia matairi.

Likabaki kopo.
Lenye kuta ndani, ili mvuke ukate kona
na mafuta, kwa uzito wake, yashindwe kukata.
Mipira miwili kutoka tapeti kava, minene kama kidole gumba.
Kutoka kopo njia mbili: moja ya manifoldi,
ina valvu isiyokubali kurudi nyuma;
nyingine nyuma ya kichujio cha hewa, mbele ya turbo,
ya kunyonya pale unapokanyaga.

Mama yake, Sechelela, anachachusha zabibu Mpunguzi
kwenye pipa la bluu. Mwaka mmoja mpangaji
alikaza kifuniko, eti nzi wasiingie.
Usiku pipa likakitema hadi juu ya bati la jirani.
Mama hakutafuta pipa gumu zaidi.
Alitoboa tundu, akachomeka mpira,
ncha yake akaizamisha kwenye chupa ya maji.
Nyemo hakunisimulia haya kunifunza kitu.
Alikuwa anapekua boksi akitafuta kipande cha mpira ule,
akakipata, akakibonyeza, akakitupa:
Huu wa divai. Mafuta yataulainisha kwa wiki mbili.

Jumamosi ya kwanza nilipiga goti, nikafungua kibomba.
Vijiko viwili, rangi ya chai ya maziwa iliyolala,
maji ya asubuhi za baridi yamechanganyika humo.
Hicho ndicho ulichokuwa unailisha, alisema,
akanusa, akamwaga kwenye dumu la mafuta machafu.

Jana nilikwenda tena hadi Bahi.
Mshale ulilala kulia, ukakaa.
Sili imekauka. Dipstiki imetulia ndani ya tundu lake,
nami nimeifunga waya juu yake,
mara tatu, nikakaza kwa koleo.
Nyemo akiuona atanitukana.