Sekunde Kumi na Moja

Karura, saa moja kasorobo, umande ungali viatuni.
Mumbua ameinua simu, chaji asilimia tisa.
Ko. Ko-ko.
Ng'ambo ya mto, Githogoro, mtu anapigilia bati,
au ni yeye, kigong'ota tuliyemfuta daftarini
mwaka ule muhugu mkavu ulipoangushwa?

Anarekodi.
Shina. Jani. Kidole chake mwenyewe.
Halafu chekundu, njiti ya kiberiti,
na tawi linabaki likitikisika.

Huruma, jikoni, video tumeirudia mara arobaini.
Mumewe anasema kivuli hicho.
Mtoto anasema, "Anabisha hodi."

Mimi nafumba macho, nasikiliza:
pumzi ya Mumbua inakatika,
kisha, chini kabisa, msumari au mdomo,
ko,
na hakuna kati yetu anayethubutu kusema karibu.