Kitufe cha Mkato

Ukumbi wa chuo cha ualimu, Mtwara, kongamano la siku mbili,
maji ya chupa, bango lenye sura ya Asumini Lipande
(picha ya kitambulisho, ya zamani, jicho moja dogo),
na mimi kiti cha nyuma kabisa, chini ya feni mbovu.
Riwaya tano. Zote zimepita kwenye vidole hivi,
Lindi, mtaa wa Mtanda, juu ya duka la salfa
na mabomba ya kupulizia mikorosho,
kwa malipo ya ukurasa,
mara nyingine kwa malipo ya mbaazi.

Dakta Mwaisela akafuta miwani.
Akasema riwaya ya pili imeukataa mkato.
Sentensi zinakwenda kama damu, hazivuti pumzi;
huo ni uasi dhidi ya sarufi ya mkoloni.
Wakapiga makofi. Nami nikapiga.
Ningesema nini? Kwamba kitufe cha mkato kiling'oka
mwezi wa Ramadhani, kikapotelea chini ya kabati,
na fundi wa Masasi akataka elfu nane
wakati korosho hazijalipwa?
"Piga hivyohivyo," Asumini aliniambia.
"Mwenye pumzi atasoma."

Wakaja kwenye ya tatu. Hiyo waliichinja.
Imechoka, haina muundo, mhusika mkuu anapotea sura ya tisa
kama mtu aliyekwenda chooni.
Miaka ile mmoja aliandika gazetini, mistari kumi na minne tu,
wa mwisho: Bibi huyu apumzike.
Asumini alikikata kipande kile, akafungia binzari.
Sikusimama kuwaambia kwamba sura ya tisa
aliisema kwa mdomo, Ndanda, wodi ya wanawake,
ubavuni pa kitanda cha dada yake,
mimi na daftari magotini,
na dada alipokata roho Asumini akasema, "Nukta,"
na mimi, Mungu anisamehe,
nikaandika nukta.

Siku ya pili nilikuwa nimeumuka kama andazi.
Wasomi wote hawa, na anayejua ni mimi.
Ndipo akasimama msichana wa mwaka wa pili,
Skolastika Nandonde, wa Newala, sauti imemkwama,
karatasi moja imekunjwa mara nne.
"Nimesoma zote tano. Humo ndani
hakuna mlango hata mmoja unaofungwa.
Watu wanatoroka, wanafumaniwa, wanazikwa,
mlango unabaki wazi. Sijui kwa nini.
Nilitaka kuuliza tu."
Mwenyekiti akasema muda umekwisha, chai iko tayari.

Usiku, Lindi, nikazishusha zote tano,
nikapitisha kidole kama achambuaye mchele.
Kurasa elfu moja mia mbili na kitu.
Ni kweli.
Neno mlango nimelipiga mara ngapi,
wala sikuwahi kusikia bawaba.

Asubuhi nikamfuata kwake Mitwero, anapepeta mbaazi.
Kwanza aliuliza kama walitoa wali.
Nikamwambia ya uasi, akacheka mpaka akakohoa.
Ya tatu, akatikisa ungo tu.
Nikamwambia ya mlango.
Akaniuliza jina la mtoto yule, mara mbili,
na kwao ni Newala ya wapi,
akajipangusa makapi, akaingia ndani,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
nikasikia komeo.