Wengineo

Rasimu ya saba imerudi kutoka ghorofa ya nne
na duara la kikombe cha kahawa juu ya neno biashara.
Mimi ndiye mchapaji. Sina kura.
Kazi yangu ni kuona mabano yamefungwa,
namba za vifungu hazirukani.
Nachapa kwa Kiarabu, nafikiri kwa Kiswahili cha mama:
mdai, mdaiwa.
Herufi mbili tu zimezidi,
na mwenye kuzibeba hulala ndani.

Baba alizibeba.
Duka lake lilikuwa Wadi Kabir, nyuma ya gereji za malori:
kompresa, feni, mota za viyoyozi.
Juu ya kaunta aliandika kwa mkono wake,
wateja wa Kibaluchi wakidhani ni dua:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari lilikuwepo.
Mali ikapotea na habari zake zote,
kwa tarehe, kwa beisa.
(Bibi akisema beisa na pesa ni neno moja
lenye pasi mbili za kusafiria.)

Mkandarasi wa Barka alianguka na fedha za watu,
na hundi ya Baba kwa Pragji ikarudi kutoka benki mikono mitupu.
Riali elfu nne mia sita.
Walikuja Alhamisi baada ya magharibi,
maaskari wawili wenye adabu. Mmoja alivua viatu mlangoni.
Mama alikuwa anachoma mkate wa ufuta,
ukaungua upande mmoja.
Tuliula hivyo hivyo.
Miezi kumi na moja.

Sasa kifungu cha tisini na mbili kinasema
mfanyabiashara aliyeshindwa bila hila
aiombe mahakama impangie upya madeni yake,
na kwa muda huo asikamatwe.
Bila hila.
Nilichapa maneno hayo polepole
kama mtu anayejitoa mwiba.

Ijumaa nikamsomea Baba, kwetu Al-Khoudh.
Alikuwa akimenya chungwa,
ganda likishuka utepe mmoja hadi magotini.
Nikangoja afurahi.

"Na Pragji?"

"Pragji kafanyaje, Baba?"

"Mnamtoa mdaiwa gerezani. Vyema, Zeyana.
Na aliyemkopesha bila rehani,
kwa neno na gilasi ya chai,
mnamweka wapi kwenye foleni?"

Mishahara ya wafanyakazi, nikasema. Kisha serikali.
Kisha benki zenye rehani. Kisha,
nikafunua karatasi, nikarudi nyuma, nikafunua tena,
kisha wengineo.

"Wengineo," akasema.
Utepe wa chungwa ukakatika.

Ndipo nikaambiwa nisiyoyajua:
kwamba Pragji alikwenda kumwona kule ndani mara tatu,
mara ya pili akampelekea miwani ya kusomea
kwa kuwa ile ya kwanza ilikanyagwa;
kwamba hakuwa na njia nyingine ya kudai,
sheria ilimpa mlango mmoja tu, nao ulikuwa wa chuma;
kwamba mwaka uliofuata naye alifunga duka,
akarudi Mandvi na begi moja na mizani ya shaba
ambayo hakuna aliyetaka kuinunua.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," akasema Baba,
"lakini matanga yale yalikuwa na wafiwa pande mbili."
Akanipa nusu ya chungwa. Lilikuwa chachu.

Jumapili. Rasimu ya nane.
Wakubwa wanaitaka kabla ya adhuhuri,
wageni wa mitaji wanasubiri kuisoma,
na kila mtu anasema nchi inafunguka.
Nami nasema amin, kwa kweli nasema.

Sina kura. Nina penseli.
Pembeni mwa neno wengineo
nimechora alama ya kuuliza,
ndogo, ya kufutika kwa kidole chenye kahawa,
nikaipandisha ghorofa ya nne kwa ngazi.
Lifti ilikuwa nzima.