Kizuri Chajiuza

Mimi ndiye niliyekuwa nakagua magari Kauhava,
Jumamosi za kiangazi, kwenye uwanja wa changarawe
nyuma ya kiwanda cha maziwa.
Nilikuwa na futi, sumaku, tochi,
na kitabu cha sheria chenye kurasa arobaini na mbili
nilichokijua kama kasisi wetu anavyozijua Zaburi:
vizuri, na kwa usingizi kidogo.

Sheria mama ilikuwa hii:
mbio zikiisha, kila gari linauzwa,
bei moja, ile ile, kwa yeyote anyooshaye mkono;
wakinyoosha wengi, kura itaamua.
Ukikataa kuuza, hukimbii tena mwaka mzima.
Tuliitunga ili mwenye pesa asimpite asiye nazo.
Nani amwage dhahabu ndani ya gari
atakalopokonywa jioni kwa bei ya ng'ombe mkonde?

Hatukumfikiria Hilkka Raudasoja.

Alikuwa fundi wa mashine za kukamulia,
mjane, mfupi, mchache wa maneno.
Kitabu kilisema: pistoni ziwe za kiwandani,
zisichongwe, zisiguswe na tupa.
Hakuzigusa.
Alizunguka majalala ya magari hadi Vaasa,
majira mazima ya baridi,
akakusanya pistoni mia na sita,
akazipima moja moja kwenye mizani ya unga,
jikoni, redio ikisoma hali ya hewa,
mpaka akapata nne zilizolingana
kama mayai ya kuku mmoja.
Nne tu.
Hakuna palipoandikwa: usichague.

Saab yake kuukuu iliingia kona ya kwanza
kwa sauti iliyobanwa,
kama mtu anayeimba amefumba mdomo,
na kona ya pili ilikuwa peke yake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi Hilkka akakivika kizuri nguo za kibaya.
Mlango mmoja akaupaka rangi ya matapishi,
wa pili akauachia kutu.
Kiti akakitoboa, springi ikachungulia.
Akivuka mstari wa mwisho
kidole chake kilivuta waya chini ya usukani,
silinda moja ikazimika,
na gari likaingia uwanja wa mauzo
likikohoa, likichechemea, likitema moshi.
Limekufa hilo, watu wakasema,
limemaliza roho mzunguko wa mwisho.
Na chini ya zulia,
vichwa vya samaki, vya wiki mbili.
Wanunuzi walifika hatua tatu,
wakakumbuka shughuli nyumbani.
Misimu minne alishinda,
misimu minne akarudi nalo.

Nilijua? Nilijua.
Mwaka wa pili nilifungua injini ile
nikaziona namba za penseli, gramu kwa gramu,
mwandiko wa mtu anayeandika orodha ya dukani.
Nikapekua kitabu mpaka kahawa ikapoa.
Penseli haikukatazwa.
Nikafunga boneti, nikatia sahihi,
nikageukia upande wa msitu
ili mtu asione nikicheka.

Kisha akaja Oiva, miaka kumi na sita,
mtoto wa dereva wa lori la maziwa,
na mafua yaliyoziba matundu yote mawili.
Akanyoosha mkono.
Mkono pekee uwanja mzima.
Hilkka alimtazama kwa muda mrefu.
Akampa funguo,
na bila kuombwa, akainama,
akamwonyesha ule waya.

Theluji ilipoanguka, kamati ikakaa.
Tukaongeza ukurasa wa arobaini na tatu,
mstari mmoja juu, mweupe wote chini:
Gari lisinuke.
Hilkka aliusoma akiwa amesimama,
kidole kikifuata neno kwa neno,
akarudia tena, akavaa glavu zake.
"Kuku je?" akauliza.
"Kuku gani?"
"Anayetagia kitini."

Nikafungua kitabu ukurasa wa kwanza.
Mpaka leo natafuta.